Ephantus na Punda Wake

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo nimejua kwa nini sipati kazi. Hoteli tatu Kawangware, moja Riruta – zote "tutakupigia". Mwongeli, mwenye hoteli hapa Makina, ndiye amenionea huruma. Akanionyesha simu. Ephantus, mdosi wangu wa zamani kwa hoteli yake Kawangware, aliandika kwa grupu ya WhatsApp ya wenye hoteli: Adhis nilimfuta kazi, alikuwa analeta nyama ya punda jikoni.

Mimi! Niliacha kazi mwenyewe, nilipokataa kupika nyama yake iliyokuwa inanuka. Dawa yake ilikuwa niongeze tangawizi.

Mwongeli amenitumia picha ya meseji. Kazi hakunipa.

Alhamisi, 5 Juni

Kwa Audrey, wakili anayesaidia watu bure kwa kanisa Laini Saba. Nilitaka Ephantus alale ndani. Akasema hii si ya polisi, ni ya kuchafuliwa jina. Kwanza barua: afute maneno, aombe msamaha grupuni. Akikataa, kortini – lakini kabla mwaka mmoja haujaisha tangu aandike. Meseji ni ya Julai mwaka jana. Imebaki mwezi.

Na akisema ni kweli, kazi ya kuthibitisha ni yake. Nangoja kuona huyo punda akiapishwa.

Barua imeenda.

Jumatano, 11 Juni

Ephantus amejibu. Hajui lolote. Eti simu ilikuwa kwa mfanyakazi.

Mfanyakazi ni Billy, wa chapati. Ephantus haoni herufi na miwani anaionea aibu, kwa hivyo meseji zote huandikiwa na Billy. Hiyo aibu ya miwani anayo. Ya punda hana.

Nikaenda Kawangware, nikamngoja Billy kwa mlango wa nyuma wa hoteli. Alipangusa unga mikononi.

"Alisema, nikaandika," akasema. "Nilijua ni uongo."

Miaka mitatu tulipika jiko moja. Nikaondoka bila kumuaga.

Ijumaa, 13 Juni

Audrey anasema Billy akieleza nani alimwambia aandike, Ephantus hana pa kujificha. Bila Billy, itakuwa vigumu.

Jumamosi, 14 Juni

Billy amekuja. Aproni kwa mfuko wa karatasi. Nimemuuliza kama amefutwa ama ameacha – ameomba maji kwanza. Amekunywa yote.

"Adhis, nikisema ukweli kortini, na mimi utanishtaki?"

Bado ameshika kikombe. Natafuta namba ya Audrey kwa simu.