Maelezo ya Nyongeza Kuhusu Shuvai, Mke wa Marehemu Mwanangu

Kituo: Polisi Chamatanda, Wilaya ya Gutu, Zimbabwe
Tarehe na saa: Alhamisi, 6 Aprili 2017, saa 3:40 asubuhi
Jina la shahidi: Esnath Gumbochuma
Umri: Miaka 61
Kazi: Mkulima wa karanga na mtama
Makazi: Kijiji cha Mushaviri

Mimi ndiye mlalamikaji katika shauri hili. Tarehe 27 Februari 2017 nilitoa maelezo kwenye meza hii hii. Nilisema Shuvai, mke wa mwanangu Onisimo, aliingia nyumbani kwangu akijua ana virusi vya UKIMWI, akamwambukiza mwanangu kwa makusudi, naye akafa. Kwa maneno hayo Shuvai alikamatwa siku iliyofuata. Yuko mahabusu hadi leo, na Jumatatu tarehe 10 atapelekwa mahakamani. Nimekuja kusema kwamba nililosema si kweli. Hakuna aliyenituma.

Onisimo alikuwa mwanangu wa mwisho. Alifariki tarehe 11 Februari, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini, kwa kifua kikuu. Alikuwa na miaka 34. Alipenda ukoko wa sadza, ugali wetu, na hata alipokuwa na mke bado alikuja jikoni kwangu kukwangua sufuria.

Mnamo tarehe 20 Februari, kama saa nane mchana, Shuvai alirudi kutoka zahanati na begi. Alipokwenda kisimani nililifungua. Nilikuta chupa kumi na mbili za vidonge. Nikajiambia, mtu mwenye dawa nyingi hivi ameugua miaka mingi, kumbe alikuja kwetu na ugonjwa wake. Sikumuuliza. Baadaye nilielewa kwamba zahanati iko mbali, kwa hiyo wagonjwa wa upande wetu wamejiunga watu kumi na wawili, na kila mara mmoja wao huenda kuwachukulia wote. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Shuvai, na zamu haikusubiri msiba wake. Kila chupa ilikuwa na jina la mwenyewe. Kusoma najua, nilifika darasa la saba. Siku hiyo sikusoma.

Mnamo tarehe 25 Machi, saa nne asubuhi, tuligawa nguo za marehemu kama ilivyo desturi. Mgawaji alikuwa wifi yangu Rodha, dada wa marehemu mume wangu. Alipokung'uta koti la kahawia, kikaanguka kijitabu cha kijani cha zahanati pamoja na chupa ya vidonge. Wifi alisoma, akanivuta nyuma ya ghala. Kijitabu kilikuwa cha Onisimo. Alianza dawa tarehe 9 Agosti 2012. Alimwoa Shuvai Desemba 2014.

Wifi alisema, "Choma hicho, mke wetu. Mwanao ameshapumzika, unataka watu wamfukue kwa midomo?"

Nikasema, "Na Shuvai?"

Akasema, "Shuvai ni mtoto wa watu. Akitoka atarudi kwao."

Sikukichoma. Lakini pia sikuja hapa. Nilikificha siku kumi na mbili chini ya gunia la mbegu.

Ile chupa nilipoitikisa haikutoa sauti. Ndani, juu ya vidonge, kulikuwa na kitambaa kimesokomezwa. Nilikitambua, ni cha aproni yangu ya zamani yenye maua ya njano. Hapo nikakumbuka mwaka 2013, wakati wa kubangua karanga, jirani yetu Zebedia alipita na vidonge vikilia mfukoni. Nikapaza sauti, "Kayamba hilo linapita! Mwiteni, tucheze!" Watu walicheka sana. Onisimo alikuwa mlangoni. Alicheka kidogo, akaondoka, akaacha chakula.

Mnamo tarehe 30 Machi, mchana, alinijia Mama Rukweza, ambaye ni kiongozi wa lile kundi la dawa. Alisema, "Mama Onisimo, safari hii hakuna aliyekubali kwenda zahanati. Wanasema ukikutwa na begi, unalala jela. Nesi naye polisi wamemchukulia daftari lake. Watano wameshamaliza vidonge. Mke wa Zebedia ana mimba ya miezi sita, hataki kupimwa. Anasema bora asijue, asiyejua hashtakiwi." Hakunilaumu. Hata maji niliyompa aliyanywa.

Mnamo tarehe 4 Aprili, saa tano asubuhi, nilikwenda mahabusu kumwona Shuvai. Cha kwanza aliniuliza, "Tinevimbo anakula?" Huyo ni mtoto wao, ana mwaka mmoja na miezi mitatu, niko naye mimi. Nikasema anakula. Nikamwonyesha kijitabu. Hakushtuka.

Alisema, "Aliniambia mapema, mama, kabla ya mahari. Tulikwenda kwa nesi wote wawili. Akatuambia Onisimo akimeza kila siku na tukitumia kinga, mimi niko salama. Tulipotaka mtoto tulimuuliza tena. Nikiwa na mimba nilipimwa, sikuwa na virusi. Halafu akapata kazi kule kambi ya barabara, wanalala wanane chumba kimoja. Aliona aibu kumeza mbele yao, akaacha. Hakuniambia, nami nikaambukizwa hapo."

Nikamuuliza, "Mbona hukuwaeleza polisi?"

Akasema, "Ningeanzia wapi? Mume nimemzika juzi, leo nimseme? Na wewe ulikuwa umekaa pale unalia. Nikasema, mwache mama abaki na mwanawe kama alivyomjua."

Nilimwachia sabuni na karanga, nikaondoka.

Sajini ameniuliza kama najua kwamba kumsingizia mtu ni kosa. Nimesema najua, aandike hivyo. Ameniuliza pia kama namshtaki marehemu. Hapana. Mwanangu aliona aibu, na aibu hiyo aliipata jikoni kwangu. Kijitabu na chupa nimevikabidhi. Naomba Shuvai arudi nyumbani, na nesi arudishiwe daftari lake ili watu waende kuchukua dawa.

Nimesomewa yote niliyosema. Ni maneno yangu, na safari hii nimeyasikiliza kabla ya kuyatia sahihi.

Sahihi: E. Gumbochuma

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya mimi, Sajini P. Dhliwayo, na kumsomea shahidi. Nimepokea kijitabu kimoja cha kijani na chupa moja ya dawa. Baada ya kusaini, shahidi aliomba apewe maelezo yake ya tarehe 27 Februari ayachane. Nilimweleza kuwa maelezo yakishaandikwa hayatolewi kwenye jalada. Akauliza kama haya mapya yanaweza kukaa juu. Nimeyaweka juu.