Jani la Njia Panda

Kibwana, ndugu yangu, Mungu akupe nuru huko kaburini. Nilitaka kukuandikia tangu arobaini yako, nikawa naogopa. Sasa mama yako ameshajua, kwa hiyo na wewe acha nikwambie.

Bado naishi Mbwawa, bado nafanya kazi kiwandani Kibaha mjini, na geti bado linafungwa saa moja kamili, ukichelewa unarudi kwenu. Kilichobadilika ni baiskeli. Naendesha yako. Mama yako alinikabidhi siku ya arobaini mbele ya watu, akasema huyu ndiye mwenzake wa njia, mwanangu alikuwa akimsubiri kila asubuhi. Watu wakaitikia. Mimi nikatazama chini. Nikabadilisha rimu ya mbele iliyokunjika, lakini kengele nimeiacha vilevile, haina sauti.

Unakumbuka nilivyokuwa mvivu? Mwezi wa kwanza tu nilitaka kuacha. Upepo usoni, vumbi, malori yanatupulizia moshi, halafu kile kilima kabla ya lami. Wewe ukaniambia, "Athumani, usihesabu kilomita, hesabu nguzo za umeme." Ukaweka na sheria: atakayeshuka kusukuma kilimani ananunua chai. Nimekunywesha chai wewe mpaka muuza chai akadhani mimi ni tajiri! Ulikuwa mshenzi wa kucheka watu, Kibwana. Lakini nilifika kazini kila siku, na ni kwa sababu yako.

Na lile jani. Anayetangulia kufika njia panda anachuma jani la mwarobaini, analiweka chini ya jiwe letu. Jani likiwepo, mwenzako ameshapita. Lisipokuwepo, msubiri. Tulianza hivyo enzi ambazo simu zetu hazikuwa na salio, tukazoea.

Siku ile nilichoka. Hakuna zaidi ya hapo. Mvua ilikuwa imenyesha, miguu inauma, jirani akapita na pikapu yake ya mihogo, nikaacha baiskeli uani nikapanda mbele. Tulipofika njia panda ulikuwa hujafika. Ningemwambia asimame nikaweke jani, dakika moja tu. Nikaona haya, nikajua utanicheka wiki nzima. Nikamwacha aendelee. Tulipokaribia mjini simu ikaita, nikaona jina lako, nikaiacha ikaita mpaka ikakatika. Ukapiga tena. Nikaigeuza kifudifudi pajani.

Kwa hiyo ulisimama pale kwenye matope unasubiri mtu aliyeshapita. Ulipoondoka ulikuwa umechelewa, ukakimbiza ili uwahi geti, ukatoka pembeni mwa lami ulipite lori lililosimama, na jingine likaja nyuma yako. Mimi nilikuwa ndani, nimeshavaa ovaroli.

Nilikuosha mwenyewe, nikabeba jeneza, nikaingia kaburini kukupokea. Watu wakasema Athumani ana roho ya ndugu.

Jumapili iliyopita nikashindwa kuendelea kuficha. Nikapanda baiskeli yako nikaenda Kisarawe, nusu siku nzima, na vile vilima vya kwenu sikushuka hata kimoja. Mama yako alikuwa uani anatwanga kisamvu. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, pikapu, jani, simu. Hakuacha kutwanga. Nilipomaliza akaweka mchi chini.

"Nilijua," akasema. "Alinipigia yuko hapo njia panda. Akaniambia, mama, namsubiri Athumani, leo kalala kama gogo. Msibani nikasikia wewe ulikuwa umeshaingia kazini."

Nikamuuliza kama alijua, kwa nini akanipa baiskeli.

"Sikukupa kwa mapenzi. Nilikupa ili usipate siku hata moja ya kumsahau."

Kisha akanipakulia ugali na kile kisamvu, akakaa mbele yangu. Nilimaliza sahani kwa sababu alikuwa ananitazama. Hakusema amenisamehe. Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani, akaminya tairi la nyuma kwa kidole, akasema halina upepo wa kutosha, nijaze hapo mbele. Basi.

Wenzangu kiwandani wananiuliza mbona sinunui pikipiki, napata wapi moyo wa kunyonga baiskeli kila siku. Nawaambia nahesabu nguzo. Ukweli ni kwamba asubuhi nyingi sina moyo wowote, Kibwana. Nakaa kitandani natazama baiskeli yako imeegemea ukuta, halafu nainuka kwa sababu siwezi kuendelea kuitazama.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi nitakwenda kwa mama kila mwezi, na nitakwenda kwa baiskeli, anipokee asinipokee. Na kuanzia kesho nitaamka mapema kuliko nilivyozoea. Nikifika njia panda sitaweka jani. Nitashuka, nitasimama penye jiwe letu muda uleule ulioutumia kunisubiri, ndipo nitapanda niende kazini.

Athumani