Karanga Ulizozipandisha Angani

Kaka Masanja,

Barua zangu nyingine hukuzijibu, kwa hiyo hii naiweka gazetini.

Nakumbuka Jumapili uliyotuita nyumbani kwa Mama, hapa Shinyanga. Ulikuwa bwana mipango wa mkoa. Ulichora kwa chaki sakafuni barabara zote, kutoka mjini hadi Mwadui, hadi Geita na Nyarugusu. Viberiti vilikuwa magari, vizibo vya soda vilikuwa ndege ndogo za kukodi, karanga zilikuwa abiria. Ulitaka tuone usafiri utakavyokuwa ndege hizo zikianza kubeba watu kama teksi. Mimi nilisukuma viberiti, dada yetu Kabula akashika vizibo.

Uliwatoa barabarani wakubwa wa ofisi na wanunuzi wa dhahabu, ukawapandisha kwenye vizibo. Magari yakapungua, ukafurahi.

"Na hawa waliobaki chini?" Kabula akauliza.

"Watapata nafasi zaidi."

"Wamechelewa mno, kaka. Nimeshawala." Kweli alikuwa anatafuna. Hata wewe ulicheka.

Chaki yako haikuwa na kosa. Lakini kila mtu wa huku alijua barabara zetu zinavyotengenezwa: gari la mkubwa likikwama, kesho yake greda linafika. Utaratibu mwingine haukuwepo. Ulipowapandisha wakubwa angani, uliliondoa na greda.

Ndege zikaanza kazi. Masika yaliyofuata barabara ya Nyarugusu ilikatika na hakuja mtu. Kabula alikuwa ameolewa huko. Alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Mumewe alikimbilia kiwanja cha ndege, akaambiwa viti vyote vimechukuliwa na ofisi. Wakampakia kwenye lori la pamba, nalo likazama topeni. Dereva aliniambia kwamba ndege iliwapita juu, Kabula akainua macho akasema, "Kaka huyo, anapita." Walifariki palepale, yeye na mtoto.

Mazishini ulikuja kwa ndege. Viatu vyako vilikuwa safi. Sisi tulikuwa na tope hadi magotini, tukakupisha usogee kaburini. Baadaye ukaniambia, "Mpango ulikuwa mzuri, mdogo wangu. Utekelezaji ndio uliotuangusha." Mama alikuwa ameegemea bega langu, nikaenda kumketisha.

Sasa nasikia umehamia Dar es Salaam, na umepewa meza kubwa ya kuigizia safari za ndege hizohizo kwa ajili ya jiji, kama ulivyofanya kwa chaki. Wasomaji wa huko wajue ulianzia wapi. Na wewe, kabla hujampandisha mkubwa yeyote, tafuta kwanza nani atabaki chini wa kuliita greda.

Mama bado anakutaja. Juzi aliuliza kama utakuja kuliona kaburi la dada yako. Nikamwambia barabara ni mbovu.

"Kwani huyo huja kwa barabara?" akasema, akaingia ndani.

Ndimi mdogo wako,
niliyebaki na Mama, Shinyanga.