Joto Linalokimbia Mlimani

Jumatatu, 5 Julai 1976

Baridi ya kukata masikio. Vidole havishiki spana. Asubuhi limeingia gereji gari la Padri Bartholomeo, anatoka kule upande wa Kalenga. Gari refu, usukani kushoto, waliliacha Wamarekani wa barabara walipomaliza kazi yao. Padri analitumia kubebea wagonjwa kwenda hospitali ya Tosamaganga.

Shida yake hita. Anasema tambarare inapasha miguu vizuri. Gari likianza kupanda mlima, joto linahama miguuni na kurukia kioo cha mbele. Likishuka, linarudi. Fundi Liberatus, mkubwa wetu, alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Akauliza joto limejuaje kama kuna mlima. Padri hakucheka. Alisema juzi alimbeba mama na kichanga cha siku mbili, na kule mlimani mtoto alibadilika rangi.

Kazi nimepewa mimi. Si kwa heshima — Fundi hapendi gari ambalo si lori. Padri amerudi kwao kwa basi. Gari likipona, atakayelitengeneza ndiye atakayelipeleka.

Hilo neno nimelisikia vizuri. Tekla yuko Tosamaganga, nesi pale hospitali. Miezi mitano sijamwandikia.

Jumanne, 6 Julai

Siku nzima chali chini ya dashibodi. Hita nilizozoea zina waya: unavuta kitufe, waya unavuta kilango ndani, hewa inabadili njia. Hii haina waya. Ina mipira myembamba kama mirija, ya rangi rangi, kila mmoja umeingia kwenye kopo dogo la bati. Kopo ndilo linaloendesha kilango. Jina lake la kitaalamu silijui, na kitabu cha gari hakipo. Naliita kopo.

Kuna na kitufe cha kuleta baridi! Kimekufa zamani, wala hakuna aliyekililia. Baridi Mbeya tunayo ya kutosha.

Tekla angecheka. Yeye alicheka hata jina langu. Mihayo, Kisukuma ni maneno. Yeye Mhehe akasikia miayo, na tangu siku ile nikawa Bwana Miayo. Nilipomweleza maana akasema, unaitwa maneno na wewe mwenyewe huna hata neno moja.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Gereji imefungwa. Maandamano, ngoma, watoto wa shule na bendera. Nimesimama kando ya barabara kwa muda wa saa mbili na sikuona kitu.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Mwezi wa pili Tekla aliniambia niende kwao Kalenga, Jumapili moja tu, baba yake anione. Baba huyo, Mzee Filemoni, alikuwa amesema sisi Wasukuma wa Usangu tumefuata majani ya ng'ombe kutoka Shinyanga, majani yakiisha tutahama, na binti yake ataachwa wapi. Nilimwandikia Tekla kwamba sina ruhusa kazini. Uongo. Ruhusa nilikuwa nayo mfukoni. Niliogopa mzee asije akaniuliza kwetu ni wapi. Baba yangu Budeba amehama mara tatu na ng'ombe wake. Ningejibu nini?

Yeye akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Nina hamu naye mpaka mwili unauma.

Alhamisi, 8 Julai

Siku mbaya. Nilimwonyesha Fundi ile mipira. Akasema kumbe rahisi, huu ni upepo, kama breki za lori. Kwake upepo ni upepo. Kwenye lori upepo unasukuma. Akaleta mpira wa kompresa, akauchomeka kwenye kopo la miguuni, akafungua.

Pwa! Kama puto la sikukuu.

Akatazama kopo, akanitazama mimi, akaenda kunywa chai. Sasa joto haliji miguuni hata tambarare. Tumelipokea linaumwa, tumeliua wenyewe. Na sikumzuia. Nilikuwa na mashaka moyoni na sikusema.

Ijumaa, 9 Julai

Nimejua!

Niliwasha injini, nikachomoa mpira unaotoka huko, nikaweka kidole. Kidole kikavutwa. Haupulizi — unavuta! Injini ndiyo inayovuta hewa, na ule mvuto ndio unaoendesha makopo. Na ukikanyaga mafuta kupanda mlima, mvuto unapungua. Kopo linalegea, kilango kinaangukia upande wake wa kawaida, na upande wake wa kawaida ni kioo. Padri alikuwa anasema kweli tupu.

Nikapima kopo moja moja kwa mdomo. Unafyonza, kilango kinakwenda, unaziba kwa ulimi. Kikikaa, kopo zima. La pili zima, la tatu zima. La miguuni, sitaki kuandika. Halafu ugonjwa wenyewe wa mwanzo: njiani kuna kivalvu cha kuzuia mvuto usipotee mlimani. Kilijaa uchafu, hakizuii chochote. Nimekisafisha kwa petroli.

Limebaki kopo lililopasuka. Nimelifungua. Ndani ni mpira mwembamba sana, kama ngozi. Tyubu ya baiskeli nimejaribu, nene, kopo linakwama. Ninaujua mpira mmoja tu mwembamba hivyo. Glovu za hospitali.

Barua kwa Tekla imekwenda na dereva wa basi la Iringa. Nilichana kurasa nne. Iliyokwenda ina mistari mitatu, na yote inahusu glovu. Mimi ni mjinga.

Jumatatu, 12 Julai

Hakuna jibu.

Jumatano, 14 Julai

Hakuna.

Jumamosi, 17 Julai

Bahasha! Ndani glovu mbili, zimekunjwa vizuri, na kikaratasi. Nimekisoma mpaka nakijua kwa moyo:

“Kamwene Miayo. Hizi zimetoboka vidoleni, hospitali haizitaki tena. Viganja vizima. Miezi mitano kimya, halafu unaandika kuomba mpira. Nimepangiwa kazi Bukoba. Basi langu ni Jumapili tarehe 25 mchana. Baba anakusalimu. Hapana, hajakusalimu. Ameuliza tu kama yule wa majani bado yuko Mbeya.”

Bukoba. Kule ni mwisho wa nchi.

Jumatatu, 19 Julai

Nimekata viganja vyote viwili, nikavibandika pamoja kwa gundi ya tyubu. Mara ya kwanza vimekunjamana. Sina glovu nyingine. Nimebandua polepole, nimeanza upya.

Alhamisi, 22 Julai

Nimefyonza, nimeziba kwa ulimi, nimehesabu mpaka mia mbili. Kilango hakikutikisika. Fundi alisimama nyuma yangu akasema mdomo wako utanuka mpira hadi Krismasi. Halafu akasema Jumamosi nenda, chukua na Jumatatu yako. Alikuwa hajui anachonipa. Au alijua.

Tumelijaribu barabara ya Chunya, ule mlima wote. Joto limekaa miguuni. Lakini gari lilikuwa tupu.

Jumamosi, 24 Julai

Igawa, Makambako, Mafinga. Nikipita Usangu niliona ng'ombe mbali, nikafikiri labda ni wetu. Nimefika kwa Padri jioni. Ameingiza miguu ndani na soksi, akafumba macho. Kesho baada ya misa ana safari ya kumpeleka nesi mmoja stendi ya mjini. Nikamuuliza nesi gani. Akasema wewe endesha tu.

Jumapili, 25 Julai

Naandika juu ya usukani, mbele ya hosteli ya manesi. Injini inaunguruma. Ametoka. Sweta la bluu. Amekonda. Nimesema habari za asubuhi, yeye akasema sasa ni saa sita. Hayo ndiyo maneno yote.

Sanduku lake limeingia nyuma. Mzee Filemoni yuko hapa pia — amekuja kumsindikiza! Ameingia, amekaa nyuma na Padri. Padri hajawahi kukaa nyuma. Tekla amekaa mbele, karibu yangu. Amevua viatu, ameweka miguu kwenye joto. Ameuliza kama ni viganja vyake. Nimetikisa kichwa kukubali.

Kutoka hapa mpaka Ipogolo ni mteremko na tambarare. Kutoka Ipogolo mpaka stendi ni mlima mtupu, na leo gari limejaa. Kama gundi itaachia, itaachia pale.

Mzee amekohoa. Ananiuliza, kijana, kwenu hasa ni wapi?

Tekla anatazama kalamu yangu. Anasema, Miayo, weka hilo daftari, umjibu