Godana, Valvu Nimeipata

Godana,

Leo sianzi kwa salamu. Unanijua mimi ni mtu wa salamu ndefu, hata ng'ombe wako nilikuwa nawauliza habari za kulala. Leo hapana. Nina hasira na wewe, na mkono wangu wa kuandika ni mzito tangu lile darasa la watu wazima, kwa hivyo nitasema polepole na wewe utasikiliza. Huna pa kwenda.

Valvu nimeipata.

Ile valvu ya usalama ya Fahali, gari letu la moshi, ile inayopumua mvuke ukizidi. Ile uliyoniambia imeibiwa. Miaka tisa, bwana. Miaka tisa tunamsugua kutu, tunamtia grisi, tunakata vichaka vya mathenge visimmeze pale Wazungu wa pamba walipong'oa reli yao wakamwacha. Na kila aliyeuliza gari hili la moshi litawaka lini, tulimjibu: tungeliwasha zamani, ila wezi wa vyuma walituibia valvu, na bila valvu hakuna mwenye akili anayetia moto. Kumbe mwizi alikuwa akinywa chai kwenye kikombe changu.

Fatuma binti yako ndiye aliyeileta. Wiki ya tatu baada ya kukuzika alishuka kwenye pikipiki kutoka Garsen, ameifunga ndani ya kikoi chako cha buluu, akaniwekea mapajani. Niliijua kwa uzito kabla sijaifungua. Akasema, "Baba alisema nikupe msiba ukiisha. Na kabla hujamwasha Fahali, nisimame mimi mahali pake nisikilize."

Siku ile sikukasirika. Furaha ilinifunga macho. Nilisema labda uliificha ili wezi wasiipate, halafu ukasahau, uzee. Nilikutetea, Godana. Kesho yake nilikwenda Garsen nikamwambia kila mtu sokoni kwamba mwisho wa mwezi Fahali atapiga honi, na kwamba Tana River nzima hakuna anayeweza kuwasha gari la moshi isipokuwa mimi, jambo ambalo ni kweli. Mwalimu wa Ngao akasema ataleta watoto wa shule. Wenzetu wa kikundi cha kumtunza Fahali, hata wale wanaokuja kupiga soga tu, walileta kuni.

Jumamosi tukaanza kama siku zote, kwa nyundo. Unajua masikio yangu yaliliwa na kazi ya reli. Ndiyo maana mimi nilipiga na wewe ukasikiliza. Chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa na kutu hakilii. Na nani angekushinda kusikiliza, wewe uliyekuwa ukimwekea mtamba sikio ubavuni ukasema ana mimba, na kweli anazaa? Nilikuwa nampiga Fahali tumbo lote, lile boila la kuchemshia maji, kutoka mbele mpaka nyuma, na kila pigo ulinyanyua mkono. Ukishamaliza unanijia sikioni: "Linalia, Karisa. Linalia kama kengele shingoni mwa dume." Kila Jumamosi.

Fatuma akasimama pale pale pako. Nikapiga, akanyanyua mkono. Nikapiga, akanyanyua. Nilipofika chini, upande wa mto, pale maji hulala wiki nzima kila mto ukifurika, mkono haukunyanyuka. Nikapiga tena. Akatikisa kichwa, akaja karibu akasema, "Mzee, hapa ni kama kupiga gunia la mahindi." Nikamwambia hajui kusikiliza, baba yake alisikiliza hapo hapo miaka tisa. Nikapiga kwa nguvu zote ili nimwaibishe.

Nyundo ikaingia ndani, Godana. Ikazama mpaka kwenye mpini. Nilipoitoa, kutu ilimwagikia viatu vyangu kama majani ya chai.

Na nilikuwa nimeshawaita watoto wa watu waje wasimame pale, kando ya tumbo ambalo lingewapasukia. Hapo siwezi kuandika zaidi.

Fatuma aliketi juu ya gurudumu, ndipo akanipa neno lako la mwisho, lile ulilomwambia alitoe ubovu wa tumbo la Fahali ukishajulikana. Eti ulisema, "Nikimwambia Karisa kwamba Fahali amekufa, hatakuja tena Jumamosi."

Basi ndiyo hivyo. Ukaificha valvu nisiwashe, na ukaninyanyulia mkono nisijue kwa nini. Na zile barua zangu tatu za kuomba valvu nyingine Nairobi, ulizozichukua wewe kupeleka posta Garsen, leo najiuliza kama ziliwahi kuona stempu.

Na Abdi je? Abdi wa Garsen, anayeuza sukari na kununua vyuma chakavu, nilimwita mwizi ndani ya duka lake, mbele ya wateja. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu. Ulinivuta koti, "Twende, Karisa, twende." Nilidhani ni busara. Miaka tisa nazunguka na goti hili bovu hadi duka la mbali kununua sukari. Siku ya kukuzika alininyooshea mkono. Mimi wangu nikautia mfukoni. Ulikuwa pale kwenye sanda, na hata hapo ulikuwa unajua.

Kinachoniuma zaidi ni kile cha mafuriko. Unakumbuka tulivyokaa juu ya paa la Fahali tangu asubuhi tukingoja mtumbwi, mimi na wewe na mbuzi wako wawili, tukila ndizi mbichi? Hapo ndipo nilipokuambia kwamba kule reli sikuwa dereva, kama ninavyowaambia watu. Nilikuwa wa koleo, wa kutupa makaa tanurini, na wenzo wa kuendeshea niliufuta vumbi tu. Ulicheka mpaka mbuzi mmoja akatumbukia. Halafu ukasema, "Hilo litazikwa na mimi." Na kweli limezikwa. Mimi nilikupa langu. Lako ulilikalia, siku hiyo hiyo, juu ya tumbo hilo hilo.

Sasa nikuambie jambo usilolijua. Jumamosi iliyopita nilikaa nyumbani kwa makusudi. Nikasema, kama Godana alishanipima, basi na iwe. Nilikaa nikitazama kuku. Saa nne nikachukua nyundo yangu nikaenda. Walikuwa wamefika wote, wanakata mathenge, na Fatuma ameshapaka rangi magurudumu mawili, vibaya. Nikamnyang'anya brashi nikamwonyesha.

Nilikuja, Godana. Tumbo limetoboka, moto hautawaka tena, na nilikuja. Ungenijaribu mara moja tu. Miaka tisa ukikaa na mimi, ukala kwangu, na hukuona kwamba mimi ni mtu wa kuja.

Hilo sijalisamehe, na sisemi nitalisamehe.

Lakini ahadi nakupa, kwa kuwa mimi si kama wewe. Kesho naenda kwa Abdi, dukani, wateja wakiwepo, na nitasema hakuiba, kwa sauti ile ile niliyomtukania. Watoto wa Ngao wakija nitawaambia Fahali hatawaka, nitawaonyesha tundu, na kila mmoja nitampa nyundo apige asikilize. Wenzetu nao wameshaambiwa, na hakuna aliyeondoka. Ile ya kwamba sikuwa dereva, hiyo siisemi. Ulikufa nayo, ibaki huko huko.

Valvu nimeirudisha mahali pake, nimeing'arisha. Inapendeza.

Lala, ndugu yangu mwongo. Barua hii simpi mtu apeleke. Naitia mwenyewe ndani ya tanuri la Fahali, na mlango naufunga. Humo haitaungua.

Mimi,
Karisa, fundi wa gari la moshi