Teke la Mdogo Wangu

Wee, pokea simu! Nimeharibu, nimeharibu kabisa.

Si unakumbuka tulivyopiga kura, mashindano yachezwe kwa toleo la zamani la ule mchezo wa video wa mapigano? Mimi ndiye niliyelipigania mpaka sauti ikakauka!

Sasa leo nimeziunganisha mashine zote nane na intaneti, eti nirekebishe saa. Saa tu jamani! Zikajiapdeti zenyewe. Toleo la zamani limefutika, na halirudi.

Ukumbi umeshajaa. Fundi viatu, yule aliyetaka toleo jipya tukamzomea, ananitazama tu. Hata hacheki.

Mdogo wangu kajifua miezi mitatu kwa teke moja, na toleo jipya limeliondoa. Kaniita mbele za watu: “Kaka, mbona teke langu halitoki?”

Nimemwambia aendelee kubonyeza.