Ulisema Sawa, Njoo

Kijijini, nje ya Masasi
Jumatano, baada ya kazi

Kwako kaka yangu Naftali,

Shikamoo kaka. Ipokee hivyo hivyo, ingawa imechelewa misimu miwili ya kulima. Siku ile niliondoka nyumbani bila kukuaga, na tangu hapo sijakusalimia kwa mdomo wala kwa simu, kwa hiyo nimeona nianze na kile nilichokunyima. Mgongo wako unaendeleaje? Mvua imeshika, au bado mnayatazama mawingu yakiwapita kwenda kwa wenzenu wa Nzega? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini nacheka na ninakula.

Najua barua hii haitaanzia mikononi mwako. Nimempa dereva wa lori aliyeleta huku mafuta ya alizeti, nikamwambia akisimama kula Shelui aulizie kibanda cha Mama Rehema. Kwa hiyo wifi yangu, hujambo. Nakujua, bahasha umeshaifungua. Haidhuru. Funika masufuria yako, mpelekee mumeo, na kama miwani yake bado inashikiliwa na kamba, msomee wewe. Soma polepole, na usiruke pale ninapojisema vibaya.

Ningeweza kupiga simu. Nimejaribu mara tatu wiki hii, nabonyeza namba yako halafu nakata kabla haijaita. Simu mtu anaweza kuikata, karatasi huwezi kuikata katikati ya neno. Ninachotaka kukwambia ni kirefu, na nikikisikia kikohozi chako tu nitalia nisikimalize.

Kazi yangu sasa ni ya kubangua korosho kwenye kikundi cha akina mama. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, kwa hiyo kabla ya kuanza tunajipaka majivu na mafuta ya nyonyo mikononi. Msimu wa kwanza sikujua kujipaka vizuri. Vidole vilibabuka nikawa siwezi hata kufunga vifungo vya blauzi. Halafu nikaugua malaria wiki nzima, nimelala kwenye chumba cha kupanga, namba yako iko kwenye simu, nami naitazama tu. Kiburi hicho ni cha mama, usinicheke, na wewe unacho.

Aliyeniinua pale kitandani ni mwenye nyumba wangu, Bibi Agnesi, mjane mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Aliniletea uji, akanishika kichwa, akaniombea kwa kelele hadi kuku wakatoka uani. Nilipopata nafuu hakuniuliza kama ninasali. Alisema tu kwamba Jumamosi jumuiya ya sala ni kwake, na viti vya kukalia wageni vimo chumbani kwangu, kwa hiyo nitake nisitake nitakuwepo. Ndivyo nilivyoingia kwenye jumuiya yao, nyumba saba, tunazunguka kila Jumamosi asubuhi kabla watu hawajaenda mashambani.

Sasa nakuja kwenye lile jambo, kaka. Kwa muda wote huo nilikuwa siwezi kuimaliza Sala ya Bwana. Nilianza vizuri na wenzangu, lakini tukifika pale tunapomwomba Mungu atusamehe kama tunavyowasamehe waliotukosea, nilifunga mdomo. Nilisubiri wapite, kisha nikajiunga nao mbele. Sikutaka kumdanganya Mungu, na wewe nilikuwa sijakusamehe.

Acha niandike kilichokuwa moyoni, hata kama unakijua. Mama alifariki Jumanne. Mimi nikasafiri siku nzima hadi Dar es Salaam, asubuhi yake nikapanda gari la kuja huko. Tulipofika Dodoma nilikupigia, nikasema kaka niko njiani, nisubirini nimwone mama. Ukajibu, "Sawa, njoo." Maneno mawili. Nikayashika njia nzima, Manyoni, Singida, hadi naiona Shelui. Nikafika jioni, nikakuta wanawake wanasugua masufuria na mama yuko chini ya udongo tangu saa kumi.

Unakumbuka niliyoyasema. Nilisema mbele ya shangazi, mbele ya mwinjilisti na majirani wote, kwamba wewe si ndugu yangu tena, kwamba ulikuwa na haraka ya kumfukia mama kama mtu anayeficha kitu. Ukanyamaza. Ukawa unaangalia viatu vyako vyenye udongo. Nilichukulia kunyamaza kule kuwa ni kukiri. Sikula chakula cha msiba, na asubuhi nikapanda gari la kwanza.

Bibi Agnesi aligundua haraka kwamba nanyamaza kwenye sala. Akaniuliza siku moja tukiwa tunachambua mchicha, kwa nini nikifika pale nameza mate. Nikamweleza yote. Nilidhani ataanza kunihubiria, nikawa nimeshatayarisha majibu, unanijua. Lakini akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Basi paruke, ila usiache kusali. Mimi nitapasema kwa ajili yetu wawili mpaka utakapoweza."

Na kweli, Jumamosi iliyofuata, tulipofika pale, Bibi alipaza sauti hadi mwenzetu mmoja akageuka kumtazama. Alifanya hivyo kila wiki. Mimi kwa upande wangu nilikuwa na maombi yangu. Niliomba Mungu akuguse wewe, upige simu ulie, uniombe radhi. Hata kufunga nilifunga. Mungu akanyamaza kama ulivyonyamaza wewe, nami nikawa nawalaumu wote wawili. Lakini sikuacha, kaka. Nikiwa na hasira nilisali, nikiwa na mikono iliyobabuka nilisali, hata siku nilizoona nasema na ukuta.

Bibi Agnesi alifariki mwezi uliopita, Ijumaa alfajiri, usingizini. Ana mtoto mmoja tu, Salome, anayefanya biashara Tunduma. Nilimpigia mimi. Akapanda gari siku hiyohiyo kupitia Songea. Jumamosi jioni akanipigia akiwa njiani, analia, anasema Yunisi nakuomba, nimkute mama. Jumapili asubuhi akapiga tena. Gari lilikuwa limeharibika karibu na Tunduru, wanasubiri kifaa kiletwe.

Kijijini hapa hakuna mahali pa kuhifadhia maiti, na unajua joto la mwezi huo likoje huku, hata asubuhi shuka linakuganda mgongoni. Ndugu wa Bibi ni wachache na wazee. Walikaa wakaongea, mwishowe wakaniita. Wakasema mimi ndiye niliyekaa na marehemu, niseme kama tunasubiri au tunazika. Mimi, kaka. Mimi niliyekutukana kwa jambo hilohilo. Nikasema kwa sauti ya ukali kwamba tunasubiri, hata kama ni kesho.

Nikazunguka nyuma ya nyumba kupumua. Mmoja wa akina mama waliomwosha Bibi akanifuata huko. Aliangalia kwanza kama kuna mtu karibu, akanisogelea sikioni.

"Yunisi, Bibi yako hawezi kungoja tena. Tulichokiona asubuhi hii mtoto wake asikione. Tumsitiri."

Kaka, nikakaa chini. Kumlilia Bibi nilimlilia, lakini pale nyuma ya nyumba nilikuwa nakulilia wewe. Maana niliona wazi, kama niko hapo nyumbani siku ile, kwamba na wewe kuna mtu alikufuata nyuma ya nyumba akakwambia neno kama hilo. Mama alikuwa na siku ya tatu, na joto lile. Wewe ukalibeba. Na nilipokupigia kutoka Dodoma, ulikuwa umeshaambiwa au ulikuwa hujaambiwa? Sijui, na sasa sitaki kujua. Utamwambia nini mtu aliye peke yake ndani ya gari, kati ya watu asiowajua, na bado ana saa tano za njia?

Jibu lake nalijua, kwa sababu Salome alipiga simu tena saa saba mchana. Gari lilikuwa limetengenezwa, ndiyo kwanza linaondoka. Nilikuwa nimeshawaambia wazee tuzike. Jeneza lilikuwa limeshafungwa. Akaniuliza, mnanisubiri? Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikasema, "Sawa, njoo."

Tulimzika Bibi saa tisa. Mchungaji akatuongoza kwenye Sala ya Bwana kaburini. Tulipofika pale pangu nikasikia pengo, kaka. Ile sauti kubwa haikuwepo. Watu wote walikuwa wanasema, lakini mimi nilisikia pengo tu, na nikajua hakuna tena wa kunisemea. Nikapasema. Nilianza na nusu ile ya kuomba kusamehewa, maana nilikuwa nimetoka tu kumdanganya yatima. Na nilipoimaliza nusu hiyo, ile nyingine ilikuja yenyewe, na jina lako ndani yake. Nikainama mpaka jirani akanishika kiuno. Akadhani ni uchungu wa Bibi.

Salome alifika jioni. Aliona turubai, akaona sisi tumekaa, akaelewa. Sitakuandikia yote aliyosema, mengine unayajua kwa sababu uliyasikia kwangu. Alinisimamia akasema, "Uliniambia sawa. Kwa nini ulisema sawa?" Watu wote wakanitazama. Nilikuwa na jibu, kaka. Lilikuwa limejaa mdomoni, na lingeniokoa palepale. Lakini ningelisema, ningekuwa nimemfunua Bibi mbele ya majirani zake, na ningempa Salome picha asiyoweza kuifuta. Nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa na udongo.

Kumbe ndivyo ulivyokuwa, siku ile, mbele yangu.

Salome alikaa wiki nzima. Hakunisemesha, ila chai yangu alikuwa anakunywa. Jumamosi jumuiya ilikuwa palepale kwa Bibi, tukamkaribisha naye akaja akakaa karibu na mlango. Tulipofika kwenye yale maneno, nilimwona amefunga mdomo. Nikapaza sauti, mimi ambaye kwaya ya huko nyumbani iliniomba kwa upole niwe mtunza vitabu. Nikapasema kwa ajili yetu wawili. Amerudi Tunduma bila kuniaga. Simdai kuniaga. Kila Jumamosi naendelea kupasema kwa ajili yake, hata ikichukua miaka, kwa sababu nimeona jinsi inavyofanya kazi.

Watu hapa wananiuliza kama maombi yana nguvu kweli, hasa vijana wa kikundi. Mimi si mhubiri. Nawaambia kwamba niliomba kaka yangu abadilike, na ikajibiwa kwa kunibadilisha mimi, tena bila kuniuliza kama nataka. Maombi hayakumrudisha mama, wala hayakulitengeneza gari la Salome mapema. Lakini yalinishika mkono muda wote ambao nilikuwa nimeuachia wako. Mungu angeniacha niache kusali kabisa kwa sababu ya mstari mmoja ulionishinda, leo ningekuwa mtu mkavu, na barua hii usingeipata.

Nisamehe kaka. Nisamehe kwa maneno yale, kwa chakula nilichokiacha, kwa kumwacha wifi peke yake na vyombo vya msiba. Nisamehe kwa kukuacha miaka yote hii na mzigo wa mama bila mtu wa kukupokea hata upande mmoja. Ulimsitiri mama yetu, halafu ukakubali kuonekana mbaya ili abaki amesitiriwa. Sijui kama ningeweza kufanya hivyo kwa kujua, mimi nilisukumwa tu.

Usinijibu hili kwa barua, na wala usinieleze chochote kilichotokea siku ile. Baki nacho. Mimi nami nina cha kwangu cha Bibi Agnesi, na tutazeeka navyo.

Nisalimie shangazi, mwambie alisema kweli kwamba nitarudi nikiwa nimepoa, na kwamba asijisifu sana. Mjomba, kaka yake mama, mpe shikamoo yangu na umuulize kama bado anaficha ugoro kwenye Biblia. Mwinjilisti aliyemzika mama mwambie namwomba radhi, nilimkatisha akiwa anaomba. Rehema na wadogo zake wabusu vichwani. Wifi, wewe nimeshakusalimia, lakini pokea tena, na unibakizie mlenda.

Korosho zinakwisha wiki tatu zijazo. Nitasafiri Jumatatu ya baada ya hapo, nitalala Dar es Salaam, Jumanne nitapanda gari la kuja huko. Nataka unipeleke kwa mama, sisi wawili tu, tusali pale sala nzima, bila kuruka. Gari linaweza kuchelewa, unayajua magari yetu. Nikifika Dodoma nitakupigia. Usiniandalie maneno mengi. Nijibu tu kama ulivyonijibu ile siku, nami nitayashika hayo mawili njia nzima, Manyoni, Singida, mpaka nione Shelui.

Ni mimi mdogo wako,
mtoto wa mama yako,
Yunisi